Ng'ombe wa Shukrani

Kazi yangu ni kuandika asante. Niko katika ofisi ya protokole ya mkoa, hapa Bukavu, na mezani kwangu hupita barua zinazoanza na "tuna heshima kubwa" na kumalizika na "pokea, Mheshimiwa, salamu zetu za dhati". Ninazitafsiri, ninazijibu, ninazipiga mihuri. Kwa miaka hii yote nimejifunza kuzipima kwa jicho, kama mama wa sokoni anavyopima sambaza, dagaa wa ziwa letu. Najua kwamba nchi ikiandika "tunashukuru" mara tatu katika ukurasa mmoja, inataka kitu. Najua pia kwamba ikiandika "tunatambua", imefunga mlango na kuweka komeo.

Mambo ninayoyasimulia yalitupata miaka michache iliyopita. Nilikuwa nimerudi kuishi kwa baba yangu, mtaa wa Nyalukemba, pamoja na watoto wangu wawili. Mume wangu alikuwa amekwenda Kinshasa kutafuta maisha, akayapata, ila hakutuita. Mama alikuwa amekwisha kufariki. Mshahara wangu ndio uliokuwa unalisha nyumba nzima na kuwaweka watoto shuleni. Sisemi hivyo ili nionewe huruma. Nasema kwa sababu bila kulijua hilo huwezi kuelewa alichokifanya baba.

Baba alikuwa mpima ardhi wa serikali, kisha mpima ardhi mstaafu, na mimi sikuona tofauti. Aliendelea kuamka saa kumi na moja na kuvaa viatu vya kazi. Watu walimwita kwenye viwanja vyao wakigombana, naye alikwenda na kamba yake, akapima, akasema, akarudi. Ndugu yake wa tumbo moja aliwahi kumwomba alisogeze jiwe la mpaka kiasi cha shubiri moja tu, apate mahali pa kujengea choo. Baba alikataa. Baba mdogo hakutusalimia Noeli nne mfululizo. "Kipimo haina ndugu," baba alikuwa akisema, na alisema hivyo hata mezani, wakati mama anagawa nyama. Alikuwa mtu mgumu kuishi naye. Lakini katika mji ambao kila karatasi ya ardhi ina karatasi nyingine inayoipinga, neno lake halikupingwa.

Sasa, kuna nchi mbili zinazopakana nasi, na zenyewe zinapakana kwa kijito. Kijito hicho kinateremka milimani na kumwagika katika mto Ruzizi, si mbali sana na Kamanyola, na kina tabia mbaya: mvua zikiwa nyingi kinaacha njia yake na kuchimba nyingine. Leo shamba liko nchi hii, kesho liko nchi ile, na mwenye shamba hajasogeza hata jembe. Mwaka huo mvua zilikuwa nyingi. Askari wa nchi moja walipiga hema, wa nchi nyingine wakapiga la kwao, na wake za watu wakaacha kwenda kupalilia. Serikali yetu ikajitolea kupatanisha.

Sitazitaja nchi hizo. Baba naye hakuzitaja hata mara moja. Alisimama kama wanavyosimama wapima ardhi, uso ukielekea maji yanakokwenda, akaziita Kushoto na Kulia. Nyumbani tukazizoea kwa majina hayo, mpaka watoto wangu wakawa wanaulizana mezani kama Kulia wameshinda.

Wakubwa walikutana katika hoteli kando ya ziwa. Walikunywa kahawa, wakasoma matamko, wakapigwa picha. Mimi nilikuwa pale, nikipanga viti na bendera, kwa hiyo najua: kwa siku mbili hakuna aliyetaja tope. Siku ya tatu mtu mmoja akauliza nani atashuka kijitoni kuonyesha mpaka wa zamani ulipita wapi. Kushoto walikataa mafundi wa Kulia, Kulia wakakataa mafundi wa Kushoto, wote wakakataa wataalamu wa mbali. Ndipo mzee mmoja wa wizara akakumbuka kwamba Nyalukemba kuna mstaafu aliyewahi kulipima bonde lile lote akiwa kijana, na kwamba hajulikani kuwa na chama, wala biashara, wala rafiki.

Hilo la mwisho lilikuwa kweli kabisa.

Alikwenda siku tisa. Walitembea watatu mbele: fundi mkuu wa Kushoto, fundi mkuu wa Kulia, na baba katikati ameshika kamba. Alisoma kila kipimo kwa sauti, wote wawili wakakirudia, ndipo kikaandikwa. Adhuhuri alikula kwa Kushoto, na mara tu baada ya hapo akavuka akala tena kwa Kulia, chakula kilekile, kiasi kilekile, ili mtu asiseme. Aliporudi mkanda wake ulikuwa umesogea matundu mawili. Nilicheka sana. Yeye hakuona cha kuchekesha.

Njia ya zamani ya kijito aliijua kwa changarawe. Alisema maji yakihama huacha mawe yao nyuma, na ukichimba kidogo chini ya matete unayakuta yamelala kwa mstari, mviringo, laini, ya mtoni. Kwa namna hiyo waliweka mawe ya mpaka thelathini na mawili bila ugomvi hata mmoja. Likabaki moja. Mahali pa jiwe hilo palikuwa chini ya maji, kwa sababu mvua zilikuwa hazijaisha, na baba hakukubali kukisia. Juu kidogo ya pale kulikuwa na shamba la maharage la mwanamke mjane wa Kulia, shamba pekee alilokuwa nalo. Jiwe likiwekwa mahali pake, shamba lote linabaki nchini kwake. Likiwekwa juu zaidi, linakatwa.

Mwanamke yule alimfuata baba mpaka kwenye gari na kumuuliza kwa ishara zaidi kuliko maneno. Baba akamwambia kiangazi kikifika, maji yakishuka, atarudi yeye mwenyewe kuliweka. Mafundi wote wawili walisikia na wakakubali. Wa Kulia, mtu mrefu, mpole, ambaye aliandika polepole kama anachonga, alimshika baba mkono kwa mikono yake miwili.

Ahadi hiyo ikawa kitu pekee ambacho baba alikizungumzia. Alikuwa na umri ambao mtu hapewi tena ahadi nyingi za kutimiza. Kila asubuhi alisimama kwenye baraza akitazama mawingu juu ya ziwa, akihesabu wiki.

Lakini wakubwa hawangoji maji yashuke. Mawe thelathini na mawili yaliwatosha kutangaza ushindi, na shukrani zikaanza kumiminika kabla kazi haijaisha. Haraka haraka haina baraka, lakini neno hilo halijawahi kuandikwa kwenye barua ya ubalozi. Ziliandikwa barua kwa rais, kwa waziri, kwa gavana, kwa hoteli. Nilizitafsiri zote. Kisha nikasikia kwamba nchi zote mbili zinataka kumshukuru pia "mzee wa kamba".

Nilipomwambia, baba aliweka kijiko chini.

"Baje wote wawili," alisema. "Balete kitu moja, banabeba pamoja. Ama basilete."

Nilijua anachosema. Huku kwetu Bushi, watu wawili wakigombania ua na mtu akawapatanisha, hawaji kumshukuru kila mmoja kwa wakati wake. Wanakuja na mtungi mmoja wa kasiksi, pombe ya ndizi, wameushika huku na huku, nao ndio wanaoonja kwanza. Akija mmoja peke yake, mtungi unabaki nje ya lupango, nje ya uzio wa nyumba. Mpatanishi aliyepokea kwa upande mmoja si mpatanishi tena, ni wakili. Kila mtoto wa kijijini analijua hilo. Mimi ni mtoto wa mjini, na niliposikia maneno ya baba nilikuwa nikitazama simu yangu. Nilisema, "Ndiyo, papa," kama unavyosema ndiyo kwa mtu anayekukumbusha kuchukua mwavuli.

Wiki mbili baadaye baba alikwenda Lwiro. Rafiki yake wa zamani alikuwa mtunza madaftari ya mvua kwenye kituo cha utafiti, na baba alitaka kuona kama kiangazi kitawahi. Alisema atalala siku mbili.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, lori dogo lilisimama mbele ya nyumba yetu. Nyuma yake gari jeusi lenye bendera. Akashuka mjumbe wa Kushoto, bwana mwenye suti nzuri na viatu ambavyo tope la Nyalukemba liliviharibu mara moja, naye kwa adabu hakuvitazama. Alinisalimia, akauliza hali ya mzee, akasikitika kumkosa. Kisha wakateremsha ng'ombe.

Alikuwa jike wa rangi ya kahawia, pembe ndefu, amevikwa utepe wa rangi za bendera shingoni, na tumbo lake lilionyesha kwamba ana mimba. Majirani walijaa kwenye ukuta. Mjumbe alisoma hotuba fupi juu ya busara, ujirani mwema na mikono ya wazee. Ilikuwa hotuba nzuri. Nimesoma nyingi, na ile ilikuwa na sentensi mbili za kweli.

Lazima niseme wazi nilivyojisikia, maana baadaye nilijaribu kujidanganya kwamba nilisita. Sikusita. Nilifurahi sana. Maisha yangu yote nilikuwa nimeona watu wakimwita baba, wakimtumia, wakimsahau. Hapa palikuwa na serikali nzima imesimama kwenye tope letu na kusema asante. Nilimpigia simu mkuu wangu wa protokole, kwa sababu ya utaratibu tu.

"Pokea, maman," alisema. "Haturudishake ng'ombe ya nchi rafiki ku mulango. Weka saini, tutaandika barua kesho."

Nilishika kamba. Nikatia saini nakala tatu za hati ya kupokea, kwa niaba ya baba yangu, kwa mwandiko mzuri wa ofisi. Na hapa ndipo kosa lenyewe lilipo, kosa ambalo mtu wa Ulaya hangelifanya wala hangelielewa. Kama ingekuwa saa ya ukutani, au kitambaa, au picha ya rais wao, baba angeirudisha na watu wangecheka. Lakini ng'ombe si kitu. Kwetu, na kwa Kushoto, na kwa Kulia vilevile, mtu akikupa ng'ombe na ukashika kamba, umekuwa mtu wake. Utamtembelea, utamtetea, ndama wa kwanza atamrudia kama salamu. Tuna lugha tofauti na bendera tofauti, lakini jambo hilo tunalijua kwa namna moja. Wanadiplomasia wameliita "zawadi ya ishara", na wao pia wanajua.

Baba alirudi kesho yake jioni na mfuko wa avokado kutoka Lwiro. Alimkuta ng'ombe anamalizia mboga zetu za lengalenga nyuma ya nyumba. Alisimama akamtazama kwa muda, mfuko bado mkononi.

"Na ile ingine iko wapi?" aliuliza.

"Ingine gani, papa?"

"Ya Kulia. Ama bameleta hii wote wawili?"

"Hapana. Ba Kushoto njo bameleta."

"Nani alishika kamba?"

"Mimi."

"Ukaweka na saini?"

"Mara tatu. Chef njo alisema."

"Chef ya nani?" alisema baba, akaingia ndani.

Hakunipigia kelele. Ningependa angepiga. Nilikaa jikoni na kusikia haya yakinipanda kutoka miguuni, polepole, kwa sababu nilikuwa nimeanza tu kukumbuka maneno ya mezani.

Alijaribu kurekebisha kwa njia anazozijua. Kwanza alitaka kumrudisha ng'ombe. Alipatana na dereva wa lori lililokuwa linashuka bondeni kuchukua mihogo, nikaomba ruhusa kazini nikaenda naye. Tulipita Nyangezi, tukateremka mlima wa Ngomo kwa mwendo wa konokono, baba amesimama nyuma pamoja na ng'ombe, akimshika pembe kwenye kila kona ili asianguke. Kamanyola kulikuwa na joto la kuchemsha yai. Mpakani, daktari wa mifugo, kijana mwenye heshima zake zote, alitueleza kwamba ng'ombe aliingia na karatasi ya kuingia, hana karatasi ya kutoka, na mwenye mimba hapewi. Nilimpigia simu mjumbe wa Kushoto. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti ya taratibu kabisa kwamba zawadi ile imekwisha kuandikwa katika taarifa kwa wakubwa wake, kwamba kuirudisha kutaeleweka vibaya, na kwamba ana hakika mimi, kama mtu wa protokole, ninaelewa.

Nilielewa. Tulipanda Ngomo tena na ng'ombe wetu. Asante ya punda ni mateke, nilisema, nikijaribu kumchekesha baba. Alinijibu kwamba punda angalau hana karatasi.

Njia ya pili ilikuwa barua. Baba aliniamuru nimwandikie fundi mkuu wa Kulia, kupitia wizara yao, kueleza kwamba ng'ombe alipokelewa kwa kutojua, kwamba mzee hakuomba wala hamhesabu kuwa wake, na kwamba yuko tayari kiangazi kikifika. Sikuandika nani alipokea. Niliandika "alipokelewa", kwa sababu lugha yetu ina mlango huo na mimi najua kuutumia. Baba aliisoma, akalitazama neno hilo, akatia saini.

Jibu lilikuja baada ya mwezi, mistari mitatu. Walikuwa wametambua.

Ng'ombe tulimpeleka kwa binamu yetu huko Nyangezi, akazaa huko. Binamu alituletea maziwa kila Jumapili, watoto wangu wakanenepa. Baba alikunywa chai ya rangi.

Kiangazi kilifika mapema, kama madaftari ya Lwiro yalivyosema. Siku moja ya Jumamosi, mchana, geti liligongwa, na pale alikuwa amesimama fundi mkuu wa Kulia, peke yake, bila gari la bendera, suruali imejaa vumbi la barabara. Alikuwa amevuka kama mtu wa kawaida. Baba aliinuka kumpokea, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi niliona uso wake umefunguka. Nilileta viti. Mgeni alikaa ukingoni mwa kiti, akasema asante kwa chai lakini hakuigusa.

"Mzee, sitakaa sana," alisema. "Maji yameshuka. Wiki ijayo jiwe la mwisho linawekwa. Mimi nataka uliweke wewe. Lakini kule kwetu wanasema una ng'ombe wa watu."

"Iko ukweli," baba alisema. "Niko nayo."

"Nimesikia pia kwamba siku ile hukuwepo. Kwamba ulikuwa Lwiro."

Mgeni akatoa karatasi mfukoni, akaifungua juu ya goti lake. Aliongea polepole, kama mtu anayemvusha mwenzake kwenye daraja la miti.

"Nimezungumza na wakubwa wangu. Wamekubali hivi: kama ng'ombe alipokelewa na mtu mwingine, bila idhini yako, basi wewe huna deni na mtu. Nitaandika hapa, na wiki ijayo utakuja. Ila lazima niandike ni nani. Jina lake na kazi yake. Halafu barua itakwenda serikalini kwenu, kulalamika kwamba ofisa wa protokole..." Hakunitazama, na kwa kutonitazama nikajua kwamba anajua.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia. Nilihesabu haraka kama mtu yeyote angehesabu. Malalamiko ya nchi jirani yangefika kwa mkuu wangu saa mbili asubuhi. Saa nne angekuwa amesahau simu aliyoipokea. Saa sita ningekuwa nje na sanduku langu la kalamu. Upande wa pili kulikuwa na mjane aliyeahidiwa, na baba yangu, na jiwe moja.

Nilifungua mdomo. Napenda kusema kwamba nilikuwa nimeamua. Sijui. Nimejiuliza mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri, na kila mara naiona sinia tu, na jinsi ilivyokuwa nzito. Baba akanitangulia.

"Nilipokea mimi," alisema.

Mgeni aliinua macho.

"Wewe mwenyewe, mzee?"

"Mimi mwenyewe. Lwiro nilienda nyuma ya siku ile. Kamba nilishika na mukono yangu."

Baba yangu, aliyemnyima ndugu yake shubiri moja ya ardhi, alisema maneno hayo kwa sauti ileile aliyosomea vipimo, bila kupepesa jicho. Mgeni alijua si kweli, na baba alijua kwamba anajua. Angeweza kusisitiza. Badala yake aliikunja karatasi yake mara mbili, akairudisha mfukoni, akasimama. Alimshika baba mkono kwa mikono yake miwili.

"Nimesikitika sana," alisema, na akatoka.

Nilitaka kusema kitu. Mimi, ambaye ninaweza kuandika asante kwa mabalozi wa nchi sita bila kurudia neno, nilisimama pale nikitafuta la kuanzia. Nikasema, "Papa," basi. Akaniambia chai inapoa, ninywe ile ya mgeni isitupwe. Nilikunywa.

Jiwe liliwekwa wiki iliyofuata na mtaalamu wa mbali ambaye sasa pande zote mbili zilimkubali, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na mwingine. Alikuja na mashine juu ya miguu mitatu, akamaliza kwa asubuhi moja. Baada ya siku chache taarifa ya mwisho ilifika mezani kwangu pamoja na barua ya shukrani ya pamoja, ya kwanza ambayo Kushoto na Kulia walitia saini kwenye karatasi moja. Walimshukuru mtaalamu. Walimshukuru waziri. Waliishukuru hoteli. Niliitafsiri vizuri, kwa sababu sijui kutafsiri vibaya, na jioni nikachukua nakala ya taarifa nikaenda nayo nyumbani.

Baba alivaa miwani. Barua ya shukrani hakuiomba. Aliipitia taarifa mpaka ukurasa wa mawe, akashuka kwa kidole hadi jiwe la thelathini na tatu, akasoma kipimo chake, akatoka barazani. Nilimwona akisimama uso ukielekea ziwa, lakini hakuwa analitazama ziwa. Midomo yake ilikuwa ikihesabu.

"Alifuata maji," alisema aliporudi. "Alipima katikati ya maji ya leo. Hakuchimba."

"Ni mbaya sana?"

"Hatua kumi na mbili. Juu."

Nilijua juu kuna nini. Nilikaa chini. Nikamwambia bado kuna muda, wana miezi mitatu ya kupokea masahihisho, imeandikwa palepale mwishoni; aniambie tu, nitaandika usiku huu, Kifaransa safi, kwa pande zote mbili, na safari hii nitaandika kila kitu, hata jina langu.

"Na mimi niliisha kusema nilipokea mimi," alisema. "Utaandika papa yako alisema bongo, alidanganya? Batakuamini namna gani? Na mimi batanisikiliza namna gani? Niko mutu ya ng'ombe."

Alisema hivyo bila uchungu, kama anavyosoma kipimo. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaniuliza watoto wanafunga masomo lini.

Sikuandika. Nilikuwa na miezi mitatu, na kila Jumatatu nilikwenda kazini, na sikuandika. Mvua za Septemba zilirudi. Mwanamke ambaye sijamwona alipanda maharage yake hatua kumi na mbili pungufu, na ule upande mwingine wa jiwe akapanda mtu mwingine.